Nyumba ya Watu Wawili na Mbwa Wao

Nyumba ndogo ya mapumziko karibu na kijiji cha pwani, ya mke na mume waliokuja na mbwa wao, ni ngumu kuijenga kuliko hoteli ya ghorofa tatu. Hoteli huficha makosa yake kwa kiyoyozi, kwa zulia na kwa mlinzi wa getini. Nyumba ndogo haina pa kuyaficha. Chumba ni kimoja, baraza ni moja, na mmoja wa wageni hutembea kwa miguu minne, hasemi, wala hatoki jasho mwilini kama sisi. Joto lake hulitoa kwa kuhema, ulimi ukiwa nje. Hewa ikiwa nzito atazunguka chumba usiku kucha, na wenyewe hawatapata usingizi. Sakafu ikiwa baridi, upepo ukipita chini karibu na ardhi, kivuli kikidumu mchana, atajilaza bila kuamriwa. Mjenzi anayemfikiria kiumbe huyu asiyeweza kulalamika huwa amekwisha kuwafikiria na wale wanaoweza. Ndiyo maana naupenda ufundi huu.

Naandika haya nikiwa Digodigo, wilayani Ngorongoro, mahali pasipo na bahari. Maji tunayoyajua ni ya chemchemi, yanayoongozwa kwa mifereji hadi mashambani, na zamu za maji hayo zimekuwa mikononi mwa wazee waitwao wenamiji tangu enzi za mababu. Robert Gray, mwanaanthropolojia aliyeandika kitabu kuhusu Wasonjo, watu wa hapa, kilichochapishwa mwaka 1963, aliuona umwagiliaji huo kuwa ndio msingi wa jamii nzima, na hakukosea. Vijiji vya zamani vilizungushiwa ua na kuwekewa malango, nyumba zikiwa za miti na nyasi, na kila kitu kikiwa na mahali pake: maji yapite wapi, mbuzi walale wapi, adui azuiwe wapi. Mbwa wa huku ni mfanyakazi. Hukaa na mbuzi, humbwekea fisi, hufukuza nyani shambani. Hana jina la kubembelezwa, lakini hakuna mwenye boma asiyejua thamani yake. Anayetoka mahali kama hapa hashangai kusikia kwamba wapo watu wanaosafiri na mbwa wao kwenda kupumzika. Atakachouliza ni kama huko waendako pamejengwa kwa akili.

Na kupokea wageni tunakujua, wakati mwingine kwa njia ngumu. Mwaka 2011 watu wa nchi nzima na wa nchi jirani walimiminika Samunge, kijiji jirani, kunywa kikombe cha dawa ya mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile kwa shilingi 500. Magari yalipanga foleni ndefu katika vumbi, wagonjwa wakalala ndani ya magari na chini ya maturubai, katika sehemu ambayo haikuwa na nyumba za wageni za kuwatosha. Sizungumzii dawa hapa. Nazungumzia choo, maji, kivuli na mahali pa kunyoosha mgongo. Aliyeyaona hayo anajua kwamba kumlaza mgeni vizuri si ukarimu wa moyo peke yake. Ni kazi ya mikono, na lazima ifanywe kabla mgeni hajafika.

Sasa tushuke pwani. Nyumba za aina ninayoisema ziko zaidi upande wa Kenya, kule Tiwi, Diani na Watamu, ambako watu wa Nairobi huteremka likizo na mbwa wao garini. Kwetu Tanzania, mahali ninapopaona panafaa kuliko pote ni Ushongo, kijiji cha wavuvi kusini mwa mji wa Pangani. Unavuka mto kwa kivuko hadi Bweni, kisha unaifuata barabara ya udongo kupita minazi na mkonge, na baadaye mchanga mrefu ulio na ngalawa.

Kazi ya kwanza ni paa, na hapa nitakaa kidogo. Kuti la kuezekea, lile liitwalo kuti la viungo, hutengenezwa kwa majani ya mnazi yaliyochambuliwa kutoka kwenye uti wake, yakakunjwa moja moja juu ya fito na kushonwa yasiteleze. Ni kazi ambayo pwani imefanywa sana na wanawake, nyuma ya nyumba, watoto wakiwapo. Kuti la kumba ni jingine: hilo husukwa zima na kutumika kwa ua na vibanda. Mwezekaji huanza kwenye upenu na kupanda kuelekea juu, kila safu ikiilalia ile ya chini yake, kwa mbano mmoja tangu mwanzo hadi mwisho. Anayetaka kubana matumizi huachanisha safu, na paa kwa mbali huonekana sawa. Mvua za masika ndizo humuumbua. Mwinamo nao una hesabu yake: paa likikaribia nyuzi 45 maji hukimbia kabla hayajapenya, na likilala zaidi ya hapo kuti huoza mapema. Paa lililofanywa vizuri huishi miaka mitano, hata saba. Nyumba za zamani zilizopikiwa ndani zilidumu zaidi, kwa sababu moshi huwafukuza wadudu. Nyumba ya mapumziko haipati moshi huo, na jiko lake inafaa lijengwe kando kabisa, kwa kuwa kuti kavu hushika moto kwa cheche moja.

Kinachonivutia zaidi ni kamba. Makumbi ya nazi hufukiwa kwenye matope ya pwani kwa miezi, yakafukuliwa, yakapondwa, nyuzi zake zikasokotwa kwa viganja mpaka zikawa kamba ya usumba. Kamba hiyo haina kutu. Msumari wa dukani, katika hewa ya chumvi, huliwa na kutu na kuliachia paa wakati wa upepo. Kamba hulegea kidogo, ikayumba pamoja na boriti, ikarudi mahali pake. Na chini ya paa la makuti hewa ya moto hupanda na kutoka kwenye mianya ya juu. Bati haliwezi hivyo. Mtu aliyelala saa nane mchana chini ya bati huko Pangani mwezi wa Februari hahitaji kuelezwa, na mbwa wake hahitaji zaidi.

Ukubwa wa chumba nao uliamuliwa zamani na mti. Nyumba za mawe za Waswahili zilikuwa na vyumba vyembamba kwa kuwa boriti ya mkoko haikufika mbali. Upana wa karibu mita tatu ndio ulioaminika. Majahazi yalibeba boriti kutoka Lamu na Rufiji hadi Omani na Ghuba kwa karne nyingi, na vyumba vya huko vikachukua kipimo kilekile. Kwa watu wawili kipimo hicho kinatosha kabisa, na hata kina heri ndani yake: hakuna anayeketi mbali na mwenzake. Leo mikoko inalindwa na kuikata kunahitaji kibali, hivyo mjenzi mwenye dhamiri hutumia mivinje iliyopandwa, ambayo hunyooka vizuri na kukua haraka. Madirisha ayafungue kwa pande mbili, kusi na kaskazi, na moja liwe chini, usawa wa goti. Hilo la chini ni la mbwa.

Baada ya paa na dirisha ndiyo inakuja kazi inayonigusa zaidi, yaani kizingiti. Kijiji cha pwani kina watu wake na dini yao. Wengi ni Waislamu wa madhehebu ya Shafii, na kwao mate ya mbwa ni najisi. Chombo alichokilamba huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Wageni wengine huichukulia habari hiyo kama uadui kwa mnyama, na hapo wanakosea sana. Dini hiyohiyo ina hadithi ya mtu aliyemnywesha maji mbwa mwenye kiu akasamehewa dhambi zake, na katika sura ya Al-Kahf mbwa wa vijana wa pangoni ametajwa akiwa amenyoosha miguu yake ya mbele kizingitini. Mahali pake pamekwisha kutajwa. Basi mjenzi amtengenezee mahali hapo: baraza pana yenye sakafu ya saruji iliyosuguliwa au chokaa, upenu mrefu unaoikinga na jua la saa kumi, bakuli lake lisilochanganywa na vyombo vya jikoni, na bomba la nje la kumsafishia miguu. Mama anayekuja kufanya usafi asilazimishwe kushika kisichomtulia moyoni. Kuosha bakuli na kuokota kinyesi ni kazi ya mwenye mbwa. Na njia ya kwenda ufukweni isikatize mbele ya msikiti wala ya kisima. Mambo haya hayagharimu chochote yakipangwa siku ya kuchora ramani, ila yakisahauliwa huzaa ugomvi usiokwisha.

Kuna wenyeji wengine wa ufukwe huo ambao pia hawasemi. Kisiwa cha Maziwe, mbele ya Pangani, kilipoteza miti yake na sasa ni mchanga unaofunikwa na maji makubwa, lakini kasa bado hupanda kutaga hapo. Mayai yao huhamishwa na kufukiwa upya kwenye ufukwe wa Ushongo, ambako hukaa takriban miezi miwili kabla ya kuanguliwa. Mbwa mmoja aliyeachwa bila kamba anaweza kufukua kiota kizima kwa dakika chache. Nyumba nzuri kwa hiyo ina ua wa kuti la kumba uliofukiwa chini kiasi cha mkono, lango linalojifunga lenyewe, na taa zisizotazama bahari, kwa sababu mwanga huwapoteza kasa wadogo. Jua likizama mbwa awe ndani ya ua. Mgeni asiyekubali hilo asipewe ufunguo.

Sisi wa Ngorongoro tuna sababu ya kuongeza neno moja, la chanjo. Mwaka 1994 ugonjwa wa distempa, uliohusishwa na mbwa wa vijijini, uliua karibu theluthi moja ya simba wa Serengeti. Kichaa cha mbwa nacho kimeua watu wetu, na dalili zikishaonekana huwa hakuna tena la kufanya. Jeraha la kung'atwa huoshwa kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha mtu akimbizwe hospitali akachanjwe. Shirika la Afya Duniani linasema mbwa asilimia 70 wakichanjwa, mnyororo wa ugonjwa hukatika, na wachanjaji wamekuwa wakizunguka vijiji vya kandokando ya Serengeti kwa kazi hiyo kwa miaka mingi. Mbwa anayepelekwa Pangani hukutana na mbwa wa wavuvi siku ya kwanza. Mwenye nyumba anayedai cheti cha chanjo hamsumbui mgeni, analinda kijiji. Na anayetaka kuunganisha safari na Saadani, iliyo jirani tu, ajue mapema kwamba mbwa haruhusiwi ndani ya hifadhi za taifa.

Wenye viwanja kati ya Bweni na kijiji cha Sange, kabla hamjaagiza bati la rangi kutoka Tanga, waiteni kwanza wanaoshona makuti na wanaosokota usumba, muwalipe bei inayowatosha, kwa sababu vijana wao wanaacha kujifunza wakiona kazi hailipi. Kaeni na wazee wa kijiji muulize njia ipite wapi na kasa wanatagia wapi. Nanyi wasafiri, mbwa achanjwe angalau wiki tatu kabla ya safari, na cheti kikae garini pamoja na bakuli lake.