Mtutu Mnene na Mtutu Mwembamba

Mtutu wa bunduki nzuri huanza kama nondo ya chuma cha pua, nene kiasi cha milimita 32. Kwa hatua hiyo huwezi kujua kama utakuwa wa mlenga shabaha au wa mwindaji. Fundi huifunga nondo kwenye mashine, ikazunguka kwa kasi, huku keekee ndefu yenye makali upande mmoja tu ikisukumwa polepole katikati yake. Mafuta hupigwa kwa nguvu kupitia ndani ya keekee, yakafika kwenye ncha na kurudi nje yakiwa yamebeba chembe za chuma. Ukiharakisha, keekee huenda upande, na nondo nzima imeharibika. Baada ya hapo tundu hupanuliwa kidogo na kulainishwa hadi kipimo kamili. Kwa bunduki inayotumia risasi aina ya .308 kipimo hicho ni milimita 7.62.

Kisha huja mifereji, ile inayojipinda ndani ya mtutu ili risasi itoke ikizunguka. Kuna njia za haraka za kuichora, lakini ninayoipenda ni ya zamani. Kisu kidogo, chenye upana wa mfereji mmoja, hukaa ndani ya kifuko kwenye fimbo ya chuma. Mashine huivuta fimbo tundu zima huku ikiizungusha taratibu, pengine mzunguko mmoja kwa kila sentimita 30. Kwa kila pito kisu hukwangua mikroni mbili au tatu tu. Unywele wa mtu una unene wa mikroni 70 hivi. Mtutu hugeuzwa, mfereji wa pili ukapata pito lake, kisha wa tatu, kisha wa nne, ndipo kisu kiinuliwe tena kiasi kisichoonekana kwa macho. Hadi mifereji minne ifikie kina cha sehemu moja ya kumi ya milimita, kisu kimekwisha kupita zaidi ya mara mia.

Sasa mashine huzimwa na mikono huchukua kazi. Fundi huyeyusha risasi, madini yale laini, na kuimimina ndani ya mtutu kuzunguka ncha ya fimbo. Ikiganda huwa imeshika umbo la mifereji yote. Huipaka mafuta na unga wa kusugulia, akaanza kuisukuma na kuivuta, mbele na nyuma. Haangalii kitu, anasikiliza kwa viganja. Hapa panabana, pale panalegea. Hurudia palipobana mpaka fimbo ipite kwa uzito uleule kutoka mwanzo hadi mwisho. Sijaona kipimo cha kiwandani kinachonivutia kama mikono hiyo.

Ni baada ya hayo ndipo nondo hupelekwa kukerezwa nje, na hapo unene huamuliwa. Mtutu wa kuwindia huweza kupunguzwa hadi milimita 15 mdomoni, ukabaki na uzito wa kilo moja na robo hivi. Wa shabaha huachwa na milimita 23 au zaidi, na huweza kufika kilo mbili na nusu. Ugumu wa chuma dhidi ya kupinda hupanda upesi kuliko unene wake: kati ya vipimo hivyo viwili, mnene ni mgumu zaidi ya mara tano. Hutikisika kidogo risasi inapotoka, na huchelewa kupata moto. Mlenga shabaha anayefyatua risasi 20 mfululizo anahitaji yote mawili.

Watu hudhani mwembamba ni kazi rahisi kwa kuwa una chuma kidogo. Ni kinyume chake. Chuma kilichosukumwa na kubanwa wakati nondo inatengenezwa hubaki na mkazo ndani yake, na kila tabaka linalokerezwa huufungulia mkazo huo njia. Tundu huweza kupanuka kuelekea mdomoni, na mtutu ukipata moto huanza kuzihamisha risasi kutoka pale ulipolenga. Kwa hiyo fundi makini hukipasha chuma moto na kukiacha kipoe polepole kabla ya kukereza, kisha hukereza kwa tabaka jembamba. Harry Pope, fundi wa mitutu wa Jersey City, Marekani, aliyefariki mwaka 1950, alikuwa akiwangojesha wateja hata miaka, nao walingoja.

Mwindaji anayepanda milima kutwa achukue mwembamba. Risasi yake muhimu ni ya kwanza, basi aipime bunduki mtutu ukiwa baridi, na kati ya risasi na risasi auache upoe. Mlenga shabaha achukue mnene kadiri kanuni za shindano lake zinavyoruhusu. Katika daraja moja la mashindano ya shabaha liitwalo F-TR, bunduki nzima pamoja na darubini na miguu yake haitakiwi kuzidi kilo 8.25.