Gia ya Pili na ya Tatu: Gari la Spoti kwenye Barabara ya Buyangu

Toyota 86 yenye gia za mkono hufika kilomita 97 kwa saa ikiwa bado katika gia ya pili. Sheria ya Kenya inaruhusu gari dogo kwenda kilomita 100 kwa saa kwenye barabara kuu, na 50 mjini. Maana yake ni kwamba dereva wa Buyangu anayetoka njia ya Msitu wa Kakamega na kuingia lami ya Kakamega kwenda Webuye atakuwa amekaribia kikomo cha kisheria kabla ya kugusa gia ya tatu. Wauzaji husifia gia sita. Kwenye barabara hii utamu wote wa gari la spoti umo ndani ya mbili tu, ya pili na ya tatu, na ndizo zinazopaswa kuamua ununue giaboksi gani na ujizoeze vipi.

Hesabu yake si ngumu. Katika giaboksi ya gia sita ya 86 iliyotengenezwa na Aisin, uwiano wa gia ya pili ni 2.188, na wa difu, katika 86 za mwanzo, ni 4.1. Ukizidisha unapata karibu 9, yaani injini inajizungusha mara tisa ili gurudumu lizunguke mara moja. Tairi la 215/45 la inchi 17 hutembea karibu mita 1.96 kwa kila mzunguko. Kwa hiyo kila mizunguko 1,000 ya injini kwa dakika ni kilomita 8 kwa saa katika gia ya kwanza, 13 katika ya pili, 19 katika ya tatu, 24 katika ya nne, 29 katika ya tano na 37 na nusu katika ya sita. Injini hukatwa ikifika 7,400. Andika namba hizo sita kwenye karatasi uziweke karibu na mshale wa mizunguko kwa muda wa kujifunza. Zitakufunza zaidi ya ushauri wa marafiki.

Sasa tuilete karatasi hiyo barabarani. Kati ya mji wa Kakamega na Malava barabara hupanda na kushuka, na msimu wa kuvuna miwa hujaa trekta zinazovuta matela kuelekea kiwanda cha Kabras. Trekta iliyojaa inakwenda kilomita 30 kwa saa, pengine chini ya hapo. Dereva aliyezoea otomatiki hujikuta nyuma yake akiwa gia ya tatu, injini ikizunguka mara 1,600, na akikanyaga mafuta gari halijibu. Katika gia ya pili kasi ileile ni mizunguko 2,300, na kutoka hapo unaweza kupita hadi kilomita 85 bila kubadili chochote. Kubadili gia katikati ya kupita gari lingine, huku bodaboda inakuja upande wa pili, ni kupoteza muda mahali ambapo muda ndio usalama. Gia ya kupitia ichaguliwe kabla ya kutoka nyuma ya tela.

Kuna jambo la pili ambalo mabango ya mauzo hayalisemi, nalo ni kimo. Msitu wa Kakamega uko kati ya mita 1,500 na 1,700 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya hapo ni nyepesi, na injini isiyo na turbo huvuta hewa kidogo kwa kila pumzi. Ile 86 ya mwaka 2012, yenye lita 2 na nguvu farasi 200 kiwandani, ikifika Buyangu inabaki na kama 165 hadi 170. Farasi thelathini au zaidi wameachwa Mombasa bandarini. Turbo hufidia sehemu kubwa ya upungufu huo kwa kusukuma hewa ndani, na hiyo ni sababu mojawapo ya Subaru Impreza zenye turbo kupendwa sana na madereva wa nyanda za juu za Kenya. Asiye na turbo ana dawa moja tu, giaboksi: injini ishikiliwe kwenye mizunguko ambayo nguvu bado ipo.

Nguvu hiyo haikugawanywa sawasawa. Injini ya lita 2 ya 86 ina bonde linalojulikana vizuri: inavuta vyema hadi karibu 3,500, inalegea, kisha inaamka tena baada ya 4,500, na kilele cha nguvu ya kuvuta kipo kati ya 6,400 na 6,600. Weka bonde hilo kando ya uwiano wa gia uone linavyomnasa mgeni. Kutoka ya kwanza kwenda ya pili mizunguko hupungua kwa zaidi ya theluthi. Ukibadili kwenye 6,000, ambapo masikio yanakuambia injini imechoka, unatua 3,600, mwanzo kabisa wa bonde. Kutoka ya pili kwenda ya tatu kwenye 6,000 unatua 4,200, bado bondeni. Ukingoja hadi 6,500 unatua juu kidogo ya 4,500, na gari linaendelea kuvuta. Mizunguko 500 tu ndiyo tofauti kati ya gari linalopanda mlima kwa furaha na gari ambalo mwenyewe atalalamika kuwa lilikuwa na sifa za uongo. Mlima wa Riat ukitoka Kisumu ndio mahali pazuri pa kulithibitisha jambo hili, barabara ikiwa wazi.

Haki itendeke kwa otomatiki. Ile ya 86 ina gia sita pia, lakini ya sita yake ni ndefu mno: kwa kilomita 100 kwa saa injini huzunguka mara 2,000 hivi, wakati ya mkono inazunguka karibu 2,700. Ndiyo maana vipimo rasmi vya Marekani viliipa otomatiki lita 6.9 kwa kilomita 100 za barabara kuu, na ya mkono lita 7.8. Anayesafiri kila wiki kwenda Nairobi ataona tofauti hiyo mfukoni. Kwa upande wa wepesi, takwimu za kiwanda Ulaya ziliipa ya mkono sekunde 7.6 kufika kilomita 100, na otomatiki 8.2. Mimi siipimi giaboksi ya barabarani kwa sekunde hizo. Ninachokijali ni kwamba otomatiki haioni kona inayokuja wala tela lililo mbele. Inajua mguu wako na kasi yako tu, na inapogundua kuwa unahitaji gia ya pili, wewe ulishaihitaji.

Wapo watakaosema kwamba hata magari ya mashindano yameacha mkono. Jibu liko Naivasha. Tangu mwaka 2022 magari ya daraja la juu la ubingwa wa dunia wa rally, yale yanayokuja huko kwa Safari Rally, yamerudishwa kwenye wenzo wa kuvutwa kwa mkono, gia tano, badala ya vibonye vya usukani vilivyokuwapo kabla yake, kwa nia ya kupunguza gharama. Hata hivyo wenzo ule huenda mbele na nyuma tu, gia moja baada ya nyingine, na kupandisha hakuhitaji klachi. Ndugu wa karibu zaidi wa gari unalotaka kununua ni Datsun 240Z ambayo Shekhar Mehta alishinda nayo Safari ya mwaka 1973: gari la milango miwili, nguvu kwenye magurudumu ya nyuma, klachi mguuni na gia za kuchagua mwenyewe, kwa maelfu ya kilomita za matope na vumbi la Afrika Mashariki.

Katika ununuzi, mitego ipo kwenye karatasi. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane, na mengi hutoka kwenye minada ya Japani. Kwenye karatasi ya mnada tafuta F6 au F5, ambayo ni gia za mkono. FA au AT ni otomatiki. Jihadhari zaidi na Subaru WRX. Kwa soko la Japani, kizazi kilichoanza mwaka 2014 kiligawanywa mara mbili: WRX STI ina gia sita za mkono, na WRX S4 ina CVT, yaani otomatiki, peke yake. Mtu huona neno WRX, huona bei nafuu, hulipa, kisha gari likishuka Mombasa hukuta miguuni hakuna klachi. STI hiyo iliacha kutengenezwa Japani mwaka 2019, kwa hiyo kwa sheria ya miaka minane mlango wake unafungwa. Anayetaka gari jipya kidogo atazame GR86, mrithi wa 86, au pacha wake Subaru BRZ ya kuanzia mwaka 2021. Uwiano wa gia za mkono haukubadilika, ila injini imekuwa lita 2.4, nyutoni-mita 250, na kilele chake kimeshuka hadi mizunguko 3,700. Lile bonde limefukiwa. Kwa kimo cha Buyangu nadhani hilo lina thamani kuliko farasi 35 walioongezwa.

Kuzoea kunaanzia mguu wa kushoto. Kwenye uwanja tambarare, injini ikiwa imepata moto, weka gia ya kwanza na uachie klachi polepole bila kugusa mafuta kabisa. Gari litaondoka lenyewe kwa kilomita tano na nusu kwa saa. Rudia mpaka mguu ujue bila kufikiri ni wapi klachi inashika. Zoezi hili lina faida ya moja kwa moja nyuma ya matela ya miwa: foleni inapotambaa, acha nafasi mbele yako, achia klachi yote, gari litembee kwa kasi hiyo. Dereva anayeshikilia klachi nusu ili asogee na kusimama anachoma pleti, na harufu yake atailipia kwa fundi. Hatua inayofuata ni kuondoka mlimani kwa breki ya mkono, ambayo kwenye 86 ni ya wenzo wa kawaida: vuta, achia klachi hadi pua ya gari inyanyuke kidogo, ongeza mafuta, shusha breki.

Mkono nao una somo lake. Wenzo wa giaboksi hii husukumwa na springi hadi katikati, kati ya gia ya tatu na ya nne. Iache springi ifanye kazi yake. Kutoka ya tano kwenda ya nne, vuta nyuma kwa kiganja kilicholegea. Ukibana na kulazimisha kushoto utaingia ya pili, na kwa kilomita 100 kwa saa ya pili inadai mizunguko zaidi ya 7,600. Kikomo cha injini hukata mafuta, lakini hakina uwezo wa kuzuia magurudumu yanapoizungusha injini kwa nguvu. Vali hupinda hivyo. Asubuhi yenye ubaridi gia ya pili huwa ngumu kwa sababu oili ya giaboksi bado nzito. Usiipige, pita taratibu kwa kilomita chache za mwanzo.

Kilichobaki ni kuangusha gia, na hapa mvua ya Kakamega inaingia kwenye hesabu. Mvua huku hunyesha sana, mara nyingi alasiri, na lami karibu na njia za kuingia msituni hupakwa udongo mwekundu unaoletwa na magurudumu. Kwa kilomita 60 kwa saa gia ya tatu ni mizunguko 3,200, na ya pili ni 4,600. Ukiangusha na kuachia klachi bila kuongeza mafuta, ile tofauti ya 1,400 inalipwa na matairi ya nyuma. Kwenye lami kavu utasikia mshtuko. Kwenye lami iliyolowa, katikati ya kona, nyuma inakutangulia. Ukiwa umekanyaga klachi, gusa mafuta kidogo mshale upande hadi karibu 4,600, ingiza ya pili, achia. Jifunze kwanza bila breki, mahali tambarare. Zoezi hilo likishakaa, ongeza breki: sehemu ya mbele ya mguu wa kulia ibonyeze breki, na ukingo wake ugonge mafuta. Itachukua wiki kadhaa kabla halijawa la kawaida, na wakati huo wote angusha gia ukiwa umenyooka, kabla ya kona.

Hukumu yangu ni hii. Anayeishi Buyangu na kutembea zaidi kati ya Malava, Kakamega na Kisumu achukue gia za mkono, na kati ya hizo achague ile GR86 au BRZ ya lita 2.4 kama mfuko unaruhusu; ya lita 2 inafaa pia kwa aliye tayari kungoja 6,500 kila anapopanda. Anayekaa zaidi kwenye foleni za Nairobi achukue otomatiki bila kuona haya. Na kwa vyovyote vile, gari hili lina sentimita 13 tu kati ya tumbo lake na ardhi: matuta yapitwe taratibu kwa gia ya kwanza, na wa kwenda Kilima cha Buyangu au maporomoko ya Isiukhu aliache langoni mwa hifadhi aende kwa miguu.