Bati la Kalima na Mafundi wa Kindu

Bati limechimbwa Kalima, hapa jimboni Maniema, Kongo, tangu enzi za Wabelgiji. Linaondoka likiwa jiwe na kurudi Kindu likiwa lehemu ndani ya simu na redio. Anayelitunza lisigeuke taka mapema ni fundi wa kibandani, mwenye bisibisi na chuma cha kulehemu, naye anastahili pongezi kuliko mikakati mingi ya makaratasi. Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya 2024 ilihesabu tani milioni 62 za taka za umeme duniani kwa mwaka 2022, na chini ya robo ndiyo iliyothibitishwa kukusanywa na kurejelezwa ipasavyo. Mji wa Kindu, ulio ukingoni mwa mto Lualaba, ambako reli ya kusini inaishia, una mzigo wa ziada: viwanda vya kuyeyusha viko mbali, na gharama ya usafirishaji humeza thamani ya simu mbovu kabla haijafika.

Wapo wanaosema fundi anaahirisha tu taka. Ni kweli, lakini sehemu kubwa ya uchafuzi wa simu hutokea inapoundwa kiwandani, kwa hiyo kila mwaka unaoongezwa ni faida halisi. Hoja nzito zaidi ni sumu: risasi kwenye lehemu za zamani, asidi ya betri, moshi wa nyaya zinazochomwa kutafuta shaba. Hapo fundi hana kinga, wala jalala salama. Mradi wa urejelezaji unaoanza kwa kumpita yeye utakosa mkusanyaji; unaomlipa kwa kila betri anayoihifadhi utakuwa na vituo tayari sokoni.