Msemaji Anayesikiliza

Kwenye mdahalo wa shule watu humtazama anayesema. Mimi humtazama anayengoja zamu. Yuko dawati la mbele, daftari wazi, peni mkononi. Mpinzani anamwaga maneno, naye haandiki yote: anaandika neno moja, anatulia, anaandika jingine. Ufundi wenyewe uko hapo, kabla hajafungua kinywa.

Midahalo ninayoisema ni ya huku Isansa, kata ya wakulima wa kahawa wilayani Mbozi, mkoani Songwe. Watoto wengi wa huku hukua na Kinyiha nyumbani, husoma shule ya msingi kwa Kiswahili, kisha kidato cha kwanza kinawapokea kwa Kiingereza. Ndiyo maana naiheshimu ile salamu ndefu ya ufunguzi: “Mheshimiwa mwenyekiti, katibu, mtunza muda, walimu wangu, nanyi wapinzani wetu.” Wapo wanaoiona mapambo tu. Lakini angalia kazi yake. Maneno hayo msemaji anayajua kwa moyo, basi wakati ulimi unayatamka, pumzi inashuka, magoti yanatulia, na sauti inapata kimo chake. Hoja ya kwanza inamkuta yuko tayari.

Tuseme mada ni ile ya miaka yote: maisha ya kijijini ni bora kuliko ya mjini. Binti anayeota kuhamia Tunduma, kwenye malori na biashara za mpakani, anapangiwa kukitetea kijiji. Hana hiari. Itambidi atafute sababu nzuri kabisa za kubaki mahali anapotaka kuondoka, na azitafute kwa dhati, maana uvivu wake utaonekana mbele ya shule nzima. Mazoezi ya namna hiyo ni adimu sana darasani.

Halafu kuna kengele. Dakika ni chache, na hoja kumi zikisemwa mbio hakuna inayokumbukwa. Msemaji mzuri huchagua kama mchuma kahawa stadi: anachukua zilizoiva, mbichi anaziacha mtini hata kama zinajaza kikapu haraka.

Kilele ni kujibu. Anayepiga kelele hupata makofi, sikatai. Fundi huanza kwa kuirudia hoja ya mpinzani vizuri, pengine vizuri kuliko mwenyewe alivyoisema, anakubali palipo na ukweli, kisha anagusa mahali pamoja palipolegea. Nikiwa jaji, alama nyingi ningeziweka hapo, na za sauti nzito ningezipunguza.

Ufundi huu humfikisha mtu mbali. Julius Nyerere alipokuwa mwanafunzi Tabora alishiriki sana klabu ya midahalo ya shule. Mwaka 1955 alikuwa New York, mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa, akiitetea Tanganyika kwa hoja.

Wengi wa Isansa hawatafika New York, ila wengi watafika kwenye mkutano mkuu wa AMCOS, chama chao cha ushirika wa mazao, msimu wa mauzo, viongozi wakisoma mapato na makato. Mwanachama anayesimama bila kutetemeka, akauliza makato ya kila kilo yamekwenda wapi, akamsikiliza katibu hadi nukta ya mwisho, kisha akauliza swali la pili linalotoka ndani ya jibu hilohilo, huyo ni vigumu kumzungusha.