Hedi Isiyocheza: Nimeikuta Arusha na Bado Nahema

Bar 2! Ngoja nirudie, maana mwenyewe bado sijaamini. Bar 2 za turbo kwenye injini iliyozaliwa mwanzoni mwa miaka ya 1990, kilima chote cha kutoka Mto wa Mbu hadi juu ya ukuta wa Bonde la Ufa, watu watano ndani, tairi la akiba na madumu juu ya keria, na mshale wa joto umelala pale pale kama mbuzi aliyeshiba. Kiwandani injini hii ilitoka na presha ya turbo isiyofika hata bar 1.

Najua unachotaka kuuliza: turbo gani hiyo? Subiri. Turbo sikuja kuisifu. Ina mdomo wake, inapiga mluzi yenyewe, haihitaji msemaji. Nimekuja kusifu chuma kilichokaa kimya chini ya kava ya valvu, chuma ambacho kazi yake yote ni kutokwenda popote: silinda hedi.

Gari lenyewe ni Land Cruiser 80, mojawapo ya yale tuliyoyabatiza mashangingi. Ndani yake kuna 1HD-T: dizeli ya lita 4.2, silinda sita kwa mstari, valvu 12, pampu ya dizeli isiyojua kompyuta ni nini. Turbo ilikuja nayo kutoka kiwandani, intakula haikuja nayo. Ilikuwa na hospawa 165 hivi, basi, ikaridhika. Mwenye gari hakuridhika. Akaweka turbo kubwa, akaweka intakula, akafungua dizeli, na ndani ya muda mfupi rejeta ikaanza kutapika. Ndipo akaelekezwa kwenye gereji moja ya Unga Limited, na mimi nikafuata nyuma na daftari langu.

Ngumi ya tani kumi

Umewahi kutazama sufuria ya wali ikichemka? Kifuniko kinacheza, povu linachungulia pembeni, tone moja linaangukia makaa na kulia chwii. Mpishi akishapalia makaa juu ya kifuniko, mchezo umekwisha. Hedi ni kifuniko cha sufuria sita, ila mvuke wake hauna utani.

Piga hesabu nami. Silinda ya 1HD-T ina kipenyo cha milimita 94. Huo ni uso wa sentimita za mraba 69 na ushee. Moto ukisukuma kwa bar 100, kifuniko kinapigwa ngumi ya tani 7 kwenda juu. Ongeza hewa, ongeza dizeli, presha ya mwako ipande hadi bar 150, na ngumi inakuwa tani 10 na nusu. Silinda moja hiyo! Injini ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, silinda zote sita kwa pamoja zinarusha ngumi 150 kila sekunde.

Kinachozuia hedi isiinuke ni bolti, na bolti ya hedi, ukiitazama vizuri, ni springi. Ukiikaza inavutika kidogo kama mpira wa manati, na ule mvuto wa kutaka kurudi ndio unaobana hedi, gasketi na bloku pamoja. Ngumi ikizidi mvuto huo, hedi inainuka. Si kwa kiasi cha kuonekana, ni unywele tu. Lakini unywele unatosha: moto unapenya juu ya gasketi, unaingia kwenye njia za maji, na maji yanasukumwa nje kupitia kopo la akiba. Dereva anajaza maji. Kesho anajaza tena. Keshokutwa anasimama Makuyuni juani akimpigia simu mke wake.

Mezani

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Usiguse huo uso, vidole vina mafuta."

Hayo ndiyo yalikuwa makaribisho yangu. Na uso wenyewe! Hedi imelazwa mgongo juu ya meza, imerandwa, inang'aa kama sinia la harusi. Kwenye 1HD-T dizeli hurushwa moja kwa moja juu ya pistoni, na chumba cha moto kimechimbwa kwenye pistoni yenyewe, kwa hiyo uso wa hedi ni bapa kutoka mwanzo hadi mwisho. Ni uwanja mtupu wa chuma cha kalibu wenye macho 12 ya valvu. Fundi akaweka rula ya chuma kwa urefu, kwa upana, kwa mshazari, akajaribu kupitisha fila geji chini yake. Haikupita. Hedi ikipinda milimita 0.1, ambao ni unene wa karatasi ya daftari, presha ya kawaida inaweza kukusamehe. Bar 2 hazisamehi.

Kabla ya kurandwa ilikuwa imezibwa matundu yote, ikajazwa upepo na kuzamishwa kwenye maji moto, watu wakainamia kutafuta mapovu. Kisha unga wa sumaku ukanyunyiziwa kati ya valvu na valvu, pale nyufa zinapopenda kuzaliwa, kwa sababu unga huo hujipanga kwenye ufa hata usioonekana kwa macho. Haikuwa na ufa. Mwenye gari aliniambia siku hiyo alikunywa soda mbili.

Halafu nikaona pete, na hapa ndipo nilipopoteza adabu kabisa nikapiga kelele. Kuzunguka kila silinda, kwenye uso ule wa sinia, umechongwa mfereji mwembamba, na ndani ya mfereji umelazwa waya wa chuma cha pua wenye unene wa milimita 1 hivi. Waya haukuzama wote. Umeachwa uchomoze sehemu chache za kumi za milimita. Unaupitishia ukucha ndipo unausikia. Hedi ikikazwa, waya huo unaing'ata gasketi mahali pamoja tu, kwenye ukingo wa moto, kwa nguvu ambayo uso bapa peke yake hauwezi kuipata. Moto ukitaka kutoka ni lazima uruke ukuta huo kwanza. Waya ule ni mdogo kuliko mwiko wa mtoto wa kuchezea, na ndio unaolinda injini nzima!

Mikuki juu ya kitambaa

Kando ya hedi, juu ya kitambaa cheupe, zimepangwa stadi mpya kama mikuki ya jando. Bolti za zamani ziko kwenye debe, zimestaafu.

Soma kichwa cha bolti yoyote nzito ukiwa gereji. Ikiandikwa 10.9, maana yake inastahimili takriban megapaskali 1,000 kabla ya kukatika, na huanza kuvutika bila kurudi ikifika asilimia 90 ya hapo. Stadi hizi za aloi zinakwenda hadi megapaskali 1,500 hivi. Lakini uzuri wake haukomei kwenye namba. Bolti unapoikaza inateseka mara mbili: inavutwa na inasokotwa kwa wakati mmoja, na nyuzi zake zinasagana na nyuzi za bloku. Stadi inaingizwa kwenye bloku kwa vidole, inatulia. Kisha nati inakazwa juu yake kwenye nyuzi laini, na mwili wa stadi karibu unavutwa tu. Toki renchi ikisema namba fulani, mbano unaoupata unakaribia kuwa ule ule kwenye kila nati. Hedi inashikwa sawasawa kutoka kona hadi kona.

Springi za valvu nazo zimebadilishwa kuwa ngumu zaidi. Nilidhani ni mapambo, fundi akanishika mkono akanipa hesabu: valvu ya hewa yenye kipenyo cha milimita 40, ikisukumwa mgongoni na bar 2, inapata msukumo wa kilo 25 unaotaka kuifungua wakati inapaswa kufungwa. Springi iliyochoka itakubali. Ngumu itakataa.

Kukaza

Nimeona arusi zenye haraka kuliko kazi hii. Kwanza kila tundu la bloku lilipitishwa tapu, likapulizwa upepo, likafutwa. "Ukiacha oili chini ya tundu," fundi alisema, "stadi ikiingia oili haina pa kukimbilia. Inapasua bloku, na utadhani umeuziwa bloku mbovu." Kisha akapima kila pistoni inachomoza kiasi gani juu ya bloku, maana gasketi za dizeli huja kwa unene tofauti na huchagui kwa macho.

Kilainishi kidogo kwenye nyuzi na chini ya kila nati. Kisha toki renchi, kuanzia katikati kwenda nje, mzunguko wa kwanza mwepesi, wa pili mzito, wa tatu wa mwisho. Klik. Klik. Klik. Gereji nzima ilinyamaza. Hata kijana wa kuziba pancha aliacha nyundo.

Barabarani

Iliwaka mara ya kwanza kwa sauti ile ile ya 1HD-T, ngurumo ya mtu anayesafisha koo asubuhi. Hakuna cha kuonyesha kwamba kuna jambo. Tukapita Mnara wa Saa, tukatoka mjini, tukashika njia ya Makuyuni, na hadi Mto wa Mbu nilikuwa nimeanza kusinzia.

Kisha kilima.

Dereva akakanyaga. Mluzi ukapanda, mshale wa turbo ukapita 1, ukapita 1.5, ukasimama kwenye 2, na Land Cruiser lenye umri wa miaka zaidi ya thelathini likapanda ule ukuta kama limekumbuka deni! Kona ya kwanza, kona ya pili, Ziwa Manyara linashuka upande wa kushoto, malori yamejipanga yakivuta pumzi, na sisi tunapita. Jicho langu halikuwa barabarani wala ziwani, lilikuwa kwenye geji mbili: joto la maji na joto la moshi. La moshi lilipokaribia nyuzi 700 dereva alilegeza mguu, kama mtu mwenye akili. La maji halikusogea.

Wanaoendesha magari ya watalii watanielewa haraka. Kwenye ukingo wa kreta ya Ngorongoro, mita 2,300 hivi juu ya bahari, presha ya hewa ni pungufu kwa takriban robo ikilinganishwa na Tanga. Injini isiyo na turbo inapanda huko ikiwa na pafu moja. Turbo inarudisha pafu la pili, na hedi hii inaruhusu turbo ifanye hivyo bila kukulipisha gasketi.

Maji baridi kidogo

Nimependa, lakini sijalewa. Haya uyajue kabla hujauza ng'ombe.

Nguvu haiishi, inahama. Hedi ikikataa kuinuka, mzigo unatafuta mnyonge mwingine. Kwenye 1HD-T za mwanzo mnyonge huyo anajulikana: bearing za koneti rodi. Zikague na uzibadilishe kwanza, la sivyo utakuwa na hedi nzuri juu ya injini iliyonoki. Baada yake inakuja klachi.

Mfereji wa waya si kazi ya grenda na macho makali. Waya ukichomoza kupita kiasi, unainua hedi pembeni, moto unazibwa sawa, lakini maji na oili vinaanza kuvuja polepole. Tafuta karakana yenye mashine ya kweli na anayepima mara mbili.

Hedi ngumu haipunguzi joto. Dizeli ikimwagwa bila hewa ya kutosha, pistoni inayeyuka chini ya kifuniko kizuri kuliko vyote. Bila geji ya joto la moshi, usianze.

Na wewe mwenye Land Cruiser la mkonga lenye injini ya 1HZ, ndugu yangu, tulia. Najua ni lita 4.2 ile ile, najua inafanana kwa nje. Lakini 1HZ ina chumba kidogo cha moto ndani ya hedi yenyewe na inabana hewa zaidi ya mara 22, wakati 1HD-T inabana mara 18.6. Ukiisukumia bar 2, hakuna stadi itakayokuokoa. Turbo ndogo, presha ndogo, moyo mdogo.

Anayekwenda sokoni na kurudi Njiro hahitaji kazi hii. Anayevuta trela, anayepanda milima na mzigo, anayeshindana kwenye vumbi, huyo aanze kuweka akiba leo.

Asubuhi

Tulilala Karatu. Usiku ulikuwa wa baridi ile ya kuvaa soksi mbili. Kabla ya chai nilitoka na kufungua boneti, nikashika hosi ya juu ya rejeta. Hicho ndicho kipimo cha mafundi wa zamani: injini imelala usiku kucha, imepoa kabisa, na hosi bado ni ngumu? Basi moto ulipenya kwenye maji, na presha yake imejifungia humo.

Nikaiminya. Ilibonyea kama chapati.