Mapromotora, Hongereni

Katika miji ya Arizona iliyo karibu na mpaka wa Meksiko, kama Douglas na Yuma, kuna wanawake wanaostahili pongezi za wazi. Ni mapromotora, wahudumu wa afya waliotoka mitaa ileile wanayoihudumia. Wanazungumza Kihispania cha majirani zao, na wakipiga hodi hukaribishwa hadi jikoni.

Mpango wao ninaoupenda zaidi ni Pasos Adelante. Kwa wiki 12 watu hukutana kujifunza kuhusu moyo, kisukari, presha na lishe, na pamoja na masomo hayo huundwa vikundi vya kutembea. Hapo ndipo ninapowaheshimu kweli. Daktari anaweza kumwambia mama afanye mazoezi, akaishia hapo. Mama huyo karudi kutoka kazini hoi, jua la jangwa linachoma, na kutoka peke yake ni mtihani. Lakini akijua wenzake wanamngoja barabarani, atavaa viatu na kutoka.

Kwenye chakula nako, busara yao ni kutoyadharau mapishi ya bibi. Maharage na tortila za mahindi hubaki mezani, tena ni chakula chema. Kinachopunguzwa ni mafuta ya nguruwe, chumvi na soda.

Kazi kama hii mara nyingi huendeshwa kwa ruzuku, na ruzuku zina mwisho. Wanawake hawa wapewe ajira za kudumu zenye mshahara unaolingana na ujuzi wao.