Kompyuta Isiyoanzia kwenye Diski: Kisomaji Kichunguzwe Mwisho

Kompyuta ya mezani inapokataa kuanzia kwenye diski ya CD au DVD, hukumu ambayo hutolewa haraka ni kwamba kisomaji cha diski kimekufa. Katika mji wa Babati hukumu hiyo ina gharama, kwa kuwa kipuri kisichopatikana madukani huagizwa Arusha, takribani kilometa 170 kwa barabara, na mwenye mashine hulipia kifaa pamoja na usafirishaji wake kabla haijathibitishwa kwamba kilichotolewa kilikuwa kibovu. Kisomaji kinapaswa kuchunguzwa mwisho, na sababu ya mpangilio huo inaonekana katika namna uanzishaji wa kompyuta kwa diski ulivyosanifiwa.

Umeme unapoingia, programu ya kwanza kufanya kazi ni baiosi, ambayo imehifadhiwa katika chipu iliyo kwenye bodi mama. Hukagua kumbukumbu na vifaa vilivyounganishwa, kisha hutafuta, kwa utaratibu uliowekwa katika mipangilio yake, kifaa chenye programu ya kuanzia. Kwa flopi na diski kuu kazi hiyo ilikuwa nyepesi, kwani baiosi ilisoma sekta ya kwanza yenye baiti 512 na kuikabidhi kazi. CD haikuingia katika utaratibu huo, kwa sababu sekta zake za data ni za baiti 2048, na mpangilio wa mafaili yake uliosanifishwa mwaka 1988 kwa jina la ISO 9660 haukueleza baiosi ingeipataje programu ya kuanzia. Ufumbuzi ulitolewa Januari 1995 na Curtis Stevens wa Phoenix Technologies na Stan Merkin wa IBM, katika sanifu iliyopewa jina la El Torito. Kwa sanifu hiyo, baiosi huenda moja kwa moja kwenye sekta namba 17, ikihesabiwa kuanzia sifuri, ambako hukuta maelezo yanayoielekeza kwenye orodha ya kuanzia, na orodha hiyo ndiyo hutaja programu ilipo na iwapo inaruhusiwa kuendeshwa.

Hapa ndipo makosa mengi yanapozaliwa, nayo hayahusiani na kisomaji hata kidogo. Diski inaweza kuwa na mafaili yote ya mfumo endeshi, ikafunguka vizuri ndani ya Windows, na bado ishindwe kuanzisha mashine kwa sababu sekta namba 17 haina maelezo yanayotakiwa. Hali hiyo hutokea mtu anaponakili mafaili kutoka diski moja na kuyachoma kwenye nyingine; kosa la pili hutokea anapopakua taswira ya diski, yaani faili moja la .iso linalobeba diski nzima sekta kwa sekta, kisha akalichoma kama faili la kawaida. Ushahidi wa kosa hili la pili hauhitaji kifaa maalumu: diski ikifunguliwa katika kompyuta nzima ikaonyesha faili moja kubwa la .iso, kasoro imekwisha kupatikana, na dawa yake ni kuchoma upya kwa amri ya kuchoma taswira. Kwa anayepakua kwa bando la simu, ambalo huweza kukatika njiani, ni busara kulinganisha alama ya SHA-256 ya faili na ile iliyotolewa na watengenezaji kabla diski haijachomwa. Jaribio lenye thamani kuliko yote ni kuiweka diski hiyohiyo katika mashine nyingine ambayo tayari inajulikana kuwa huanzia kwenye diski, kwani dakika chache tu hutenganisha kosa la diski na kosa la mashine.

Diski ikishaondolewa lawama, mipangilio ndiyo hufuata. Betri ndogo ya volti 3 ya aina ya CR2032 hutunza saa ya mashine na, katika mashine nyingi za zamani, mipangilio ya baiosi. Ikichoka, tarehe hurudi miaka mingi nyuma na utaratibu wa kuanzia unaweza kurudia ule wa kiwandani, ambamo diski kuu huenda ikatangulia. Katika mashine nyingi zilizotengenezwa tangu Windows 8 ilipotoka mwaka 2012, nafasi ya baiosi imechukuliwa na UEFI, ambayo hutafuta programu ya kuanzia ya aina yake na, kwa ulinzi uitwao Secure Boot, hukataa programu isiyo na saini inayotambulika. Ndiyo maana diski nzima kabisa ya Windows XP inaweza kushindwa kuanza humo.

Baada ya hayo kisomaji kinaweza kushukiwa kwa haki. Kama hakimo katika orodha ya vifaa ya baiosi, nyaya za data na za umeme zikaguliwe, ikikumbukwa kwamba trei kufunguka huthibitisha umeme tu, si data. Kama kimo lakini hakisomi, kijaribiwe kwa CD na DVD, kwa sababu CD husomwa kwa leza ya nanometa 780 na DVD kwa ya nanometa 650, hivyo leza moja inaweza kudhoofika huku nyingine ikibaki salama. Kikishindwa kuzisoma zote mbili, vumbi juu ya lenzi ni mshukiwa wa karibu, hasa kiangazi, na pamba laini yenye alkoholi ya isopropili huweza kuliondoa bila kuikwaruza lenzi.

Hata kisomaji kilichokufa kweli hakilazimu kipuri kipya. Kisomaji cha mashine nyingine chenye kiunganishi cha SATA kinaweza kuazimwa kwa muda wa kusimika mfumo, na mashine inayokubali kuanzia kwenye USB inaweza kutumia flashi. Kwa Windows 11 flashi imekuwa njia ya kawaida, kwa kuwa taswira yake imezidi gigabaiti 4.7 za DVD ya tabaka moja. Lakini mashine za zamani zilizoachwa bila msaada wa Windows 10 tangu Oktoba 14, 2025 bado zinaweza kuwekewa Linux nyepesi inayotosha kwenye DVD moja, mradi iwe imechomwa kama taswira.